Rula, Aliyeufundisha Ukurasa Mzima Kusikiliza

Wasifu huu nausoma mimi shemeji yake, mdogo wa mke wake, na wanaotujua wanajua kwamba sisi wawili hatukuwahi kuacha kutaniana. Leo nitajitahidi kuwa na adabu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Rula, alizaliwa tarehe 9 Mei 1959, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama muuza vitambaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari hadi 1977. Hesabu alizipenda nazo zikampenda; kuimba alikupenda peke yake.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji akiwa mpanga kurasa. Siku hizo kurasa zilipangwa kwa mkasi, gundi na rula, na jina lake lilitokea hapo. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi waliona riziki imeota mbawa. Yeye alikaa chini akajifunza upya, na kuanzia 2002 hadi alipostaafu mwaka 2019 alitengeneza kurasa za wavuti. Vijana wa ofisini walimshangaa, maana aliandika msimbo wote mwenyewe, mstari kwa mstari. "Mzee, hivi vitu viko tayari, unachukua tu," walimwambia. Aliwajibu kwa methali ya nguo ya kuazima, ambayo mbele ya wakwe sitaimalizia.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 6 Desemba 1986. Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye sauti ya kuvuka uwanja wa shule. Nyumbani alipenda kuhamisha vyombo, na kabati moja la vitabu lilizungushwa sebule nzima kwa miaka thelathini. "Mwalimu anajua pa kuweka vitu," marehemu alikuwa akisema huku jasho linamtoka, "mimi najua kuvisogeza."

Mwezi Juni 2016 dada alipatwa na kiharusi. Alielewa kila kitu, ila ulimi ulikataa. Mkono wa kulia ulilala, wa kushoto ukabaki unatetemeka, hata kalamu ikamshinda. Ndipo marehemu alipomtengenezea ukurasa wenye visanduku vya maneno: Maji, Mto, Fungua dirisha, Sitaki. Alichotakiwa dada ni kukamata kisanduku kwa kipanya, kukivuta hadi katikati ya ukurasa na kukiachia hapo.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Dada alikamata "Maji", akavuta. Kisanduku kikasogea kidogo kikakwama, mshale wa kipanya ukaenda zake peke yake. Akarudia, kikabaki nyuma tena. Akakisukuma kipanya mbali, akageukia ukutani. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusema "naomba maji" alishindwa kuyaomba nyumbani kwake. Niliumia sana.

"Mwalimu, kosa si lako, ni langu," marehemu alimwambia. Kisha akanigeukia. "Nimekiambia kisanduku peke yake kiufuate mkono wake, shemeji. Mkono ukimruka kidogo, mshale ukitoka nje ya kisanduku, basi, hakuna tena anayemsikiliza. Inabidi ukurasa mzima usikilize."

"Sasa si uuambie?" nikamjibu. "Mtu ana kiu hapa."

Alirekebisha mistari michache. Dada akavuta tena, na safari hii mkono ulitetemeka ulivyotaka, mshale ukaruka huku na huku, na kisanduku kikaja nao mpaka alipokiachia mwenyewe. Maji nilimletea mimi. Nilipoingia na glasi nilimkuta marehemu analia, akanikataza nisimwambie mtu. Nimewaambia.

Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Kila alipotoka hospitali kusafishwa damu alikwenda kwanza kukaa kando ya dada na kumuuliza anataka nini. Dada alikuwa akivuta visanduku viwili, vilevile kila mara: "Sihitaji kitu" na "Pumzika". Marehemu alikuwa akimwambia, "Unaniongopea, Mwalimu," kisha anakwenda kulala. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64.

Juzi, katika kikao cha familia, tulipanga mazishi yote dada akiwa amekaa palepale, na hakuna aliyemuuliza neno. Tulifika mahali pa kubishana nani amuage marehemu kwa niaba yake. Dada akapiga meza kwa kiganja. Binti yake mkubwa akaelewa, akamletea kompyuta, na chumba kizima kikamgeukia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, ndugu wawili, na shemeji mmoja ambaye hajui sasa atamtania nani.

Mwisho wa wasifu huu nilikuwa nimeandika maneno yaliyozoeleka. Dada aliyakataa. Ameagana na mumewe mwenyewe, kwa mkono wake, sisi sote tukimsikiliza, na haya ndiyo aliyoyavuta:

Sihitaji kitu.

Pumzika.