Binti wa Sponji na Wataalamu wa Benchi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka, na ukikaa hapo asubuhi huna haja ya redio. Mimi huwahi ili ninywe kahawa kwa amani kabla Daktari hajaanza kuongea. Daktari si daktari. Aliwahi kuuza dawa za meno sokoni, jina likamganda. Pembeni yake hukaa Pancha, fundi wa matairi, mtu mwema ila mbishi. Wa tatu ni Sponji, mtengeneza makochi, ambaye tangu mkewe afariki analea mabinti wawili peke yake, na kwa kweli anajitahidi. Siku moja alikuja na mkasi mkono mmoja, kipande cha sponji mkono wa pili, jasho linamtiririka, na kahawa akaikataa.

Tulidhani kachanganyikiwa. Kumbe binti yake mkubwa alikuwa amevunja ungo alfajiri. Alimwita baba yake kutoka nyuma ya mlango wa chumba, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba imeanza, hana cha kutumia, na leo ndiyo siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Sponji akamwambia asubiri, akatoka mbio. Duka aliliona, haya zikamshika, akapitiliza hadi karakana yake na kukata anachokijua.

— Hii ni daraja la kwanza, akatuambia huku akiibonyeza. Mtu akiikalia miaka, hailali.

— Sawa, lakini saizi yake unaijua? akauliza Pancha. Mimi hata tairi la baiskeli sifungi bila kuuliza saizi.

— Ana miaka kumi na tatu.

— Huo ni umri, bwana. Nimekuuliza saizi.

Wakabishana hapo. Pancha alitaka kujua kama zinavaliwa moja moja au mbili mbili, na kama kuna ya akiba. Ndipo Daktari akakohoa, nikajua tumekwisha. Akasema mtoto asipite jikoni, asile chumvi, na bustanini asikanyage kabisa maana mboga zitanyauka. Nikamwambia aache kutisha watu. Hakuacha.

— Na huo mtihani asifanye, akaendelea. Akifikiri sana, damu itapanda kichwani. Ikifika huko itarudije?

Pancha, aliyekuwa anampinga kila asubuhi, safari hii alitikisa kichwa kukubali. Sponji akazidi kupauka. Mimi nikatoa ushauri wangu wa pekee, kwamba tumpigie mke wangu. Tukapiga, simu ikaita mpaka ikakata, maana akiwa kazini hapokei. Nina mabinti wakubwa nyumbani, na sikuweza kumwambia Sponji walivukaje siku kama hiyo. Nilikuwepo nyumba ile ile. Nikapuliza kahawa.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama kando, mteja aliyekuja kufuata kiti chake kwa Sponji. Hatumjui wala hatujui alifika saa ngapi.

— Samahanini, akasema. Huyo mtoto sasa hivi yuko na nani?

Pancha aliangalia viatu vyake. Daktari alivua kofia, akaivaa tena. Mdogo wa binti alishaenda shule, na sisi wote wanne, watu wazima na akili zetu, tulikuwa hapa tunajadili chumvi. Mtoto alikuwa peke yake nyuma ya mlango, anasubiri.

Sponji akainuka, akaingia dukani. Tukamsikia akisema kwa sauti kamili:

— Naomba pedi. Za binti yangu, ameanza leo.

Muuzaji akamuuliza anataka zipi. Akasema zote.

Alipotoka na mfuko umefura, yule mama akamshika mkono.

— Usimwachie mlangoni ukakimbia. Mwambie haumwi, amekua. Mwambie na wewe umefurahi.

Sponji akaenda. Nakuambia ukweli, hata mke wangu akijifungua sikuwa na wasiwasi wa namna ile. Akilini tuliona mtihani unaanza bila binti. Tulimwona analia. Kahawa ikaisha na hakuna aliyeagiza nyingine.

Mara wakatokea wote wawili. Binti kavaa sare, begi mgongoni, macho mekundu lakini anacheka mpaka anainama, kwa sababu baba yake katika kununua zote alikuwa amenunua na nepi za watoto wachanga. Sponji naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, hayafuti. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba moyo wangu ulishuka mahali pake.

— Shikamooni, binti akatuamkia.

Tukaitikia kwa pamoja, kwa nguvu kuliko kawaida. Pancha alikuwa ameshawasha pikipiki yake ampeleke shule, na muda ulikuwa unatosha bado. Binti akapanda, kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, jioni nitakueleza vizuri zinavyotumika. Mdogo wangu naye anakuja nyuma yangu.

— Sawa mwanangu, nitakuwa nyumbani.

Wakaondoka. Daktari, ambaye ana mabinti watatu, alisogea karibu na Sponji, akamuuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuja kusikiliza hiyo jioni.