Kibao Chenye Matundu Saba

Kijiwe cha Makole kina benchi moja, birika moja la Abubakari, na hoja zisizo idadi. Asubuhi ile upepo wa Dodoma ulikuwa ukitia vumbi hadi ndani ya vikombe, wala hakuna aliyejali, kwa kuwa Lameck alikuwa ameweka juu ya benchi kibao cheusi, chembamba, chenye matundu saba yaliyoungua. Tangu mama yake, Anna, apigwe na kiharusi, ulimi wake ulibakiwa na neno moja tu; na tangu wahamie nyumba mpya huko Miyuji, siku tatu zilizopita, kila kukicha alimkandamizia mwanawe kibao hicho kifuani, akalitamka: “Lindi.” Kisha akalia. Lameck alikwisha kukata tiketi ya basi la kesho la kwenda Lindi.

— Lindi una nani? aliuliza Abubakari, akimimina kahawa.

— Sina mtu. Hata kufika sijafika.

— Basi marehemu mzee wako alikuwa naye, alidakia Ludovick, aitwaye Hansadi kwa kuwa kazi yake ni kuchapa hotuba za wabunge, na la mtu halisahau. Iingie kwenye kumbukumbu: matundu saba, watoto saba. Una ndugu kule, kaka!

— Acha fitina, Hansadi. Baba alichunga ng'ombe maisha yake yote. Lindi angefika lini?

— Ng'ombe hupotea, mwenye ng'ombe hufuata.

Wakaangua kicheko. Lameck hakucheka; shaka hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Ibrahimu fundi viatu, ambaye wenzake humwita Gundi, aliweka kiatu chini, akakinusa kibao.

— Kinanuka moshi. Hiki kilitumika kuombea mvua, wazee. Kila tundu, mwaka mmoja wa njaa. Wahenga walinena: mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Kwa matundu.

— Mnakosea wote, Abubakari alisema kwa sauti ya chini. Hesabuni. Kilimia si nyota saba? Mtu alikaa usiku akaitazama mbingu, akaichoma kwenye mti.

Hapo hata Hansadi alisahau kubisha. Wakakiinamia kibao kana kwamba kingewaka nuru.

Joha, mama mtu mzima auzaye karanga, alikuwa amefika na kandambili iliyokatika.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kibao cha nani hicho?

— Cha mama yangu, alijibu Lameck. Ananipa, anasema Lindi, analia.

— Anasema Lindi, au ulindi?

Lameck akalitamka neno lile polepole. Ulimi wa mama yake ulikuwa mzito. Huenda ulimeza mwanzo wa neno.

— Ulindi ni kijiti, mwanangu. Unakisimamisha humo tunduni, unakipekecha kwa viganja mpaka moto uzaliwe. Hicho ulichoshika ni wimbombo, mwenzake. Mama hakutumi safari. Anakuomba kijiti.

Hansadi akavua kofia.

— Kwetu, Joha aliendelea, bibi yangu hakuingia nyumba mpya kwa moto wa kiberiti. Kila nyumba, tundu lake.

Lameck akapitisha kidole juu ya matundu, moja baada ya jingine: Handali alikozaliwa mama, Mvumi alikoolewa, Chamwino… nyumba zilizobaki hakuzijua. Nyumba saba, mioto saba, nayo ilikuwa imelala mvunguni miaka yote. Ukingoni kidole kikakwama. Palikuwa na kijishimo kipya, cheupe, kilichochongwa kwa kisu kwa mkono usio na nguvu. Hakijaonja moto.

— Nyumba mpya mnapikia nini? aliuliza Joha.

— Gesi.

— Basi anangoja.

Lameck akakipakata kibao.

— Haya, Joha alisema, nani kati yenu anajua kupekecha?

Abubakari akayatazama makaa yake. Hansadi akavitazama vidole vyake vya kuchapia. Gundi alifungua kinywa kutafuta methali, akakifumba. Lameck akageuza viganja vyake juani: laini, havina sugu hata moja.

Akasogea, akampisha Joha kwenye benchi.

— Keti, mama. Ulindi huchongwa kwa mti gani?