Risasi, Aliyeilinda Miguu ya Wanachuo

Wafiwa wenzangu, jamaa, majirani, na ninyi wanamichezo mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kuyasoma maisha yake, ambayo alinisimulia mwenyewe akiwa kitandani, akaniagiza nisiyapake sukari.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi baiskeli, akiwa kifungua mimba wa mama, na jina la Risasi alipewa na majirani, kwa sababu akitumwa dukani alirudi kabla mtumaji hajakumbuka alichosahau kumwagiza. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978, kisha sekondari, na mwaka 1991 akapokelewa chuoni kwa ajili ya mbio, ambako ndiko alikokutana na kocha wa michezo yote ya chuo.

Mwezi Mei 1992 goti lake la kulia lilivimba mazoezini, daktari akamwambia apumzike, kocha akamwambia, "Goti halina mdomo, wewe ndiye unayelisemea," akamchoma sindano ya ganzi, na tarehe 6 Juni akamwingiza katika mbio za kupokezana vijiti. Kwenye kona ya mwisho goti lilikatika, dada akaanguka kifudifudi, na kocha akampita pale chini kama anayepita gunia, akaenda kumfokea msichana aliyekuwa akingoja kijiti.

Alipofunguliwa plasta paja lilikuwa limesinyaa, hakuna aliyemfundisha namna ya kulirudishia nguvu, nafasi yake chuoni akapewa mwingine, na vidonge vya maumivu vikawa chakula chake cha miaka mingi. Mwaka 1994 alianza kusomea tiba ya viungo, akahitimu 1997, akakataa kazi katika hospitali mbili, na mwaka 1999 akaomba kazi chuo kile kile, na mama alipomuuliza sababu alijibu, "Kuna mtu ananingoja pale, mama, ila hajijui."

Alipewa stoo ya mipira, iliyonuka viatu vibichi, akaweka godoro, kioo kirefu na vifuko vya mchanga alivyoshona kwa suruali kuukuu, na humo wanafunzi walijifunza kuinua mguu ulionyooka, kupanda na kushuka ngazi moja, kuchuchumaa wameegemea ukuta, na kusimama kwa mguu mmoja wamefumba macho. Aliyesema hasikii tena maumivu aliambiwa, "Maumivu kuisha si nguvu kurudi," na hakuna aliyeruhusiwa kukimbia mpaka mguu mgonjwa usukume sawasawa na mwenzake.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu hapa, aliyekuwa golikipa na mgonjwa wake, ambaye baada ya kupona aliendelea kuhudhuria matibabu akichechemea, mpaka siku aliyosahau akachechemea mguu usiohusika, na mwaka 2003 wakajaliwa mapacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume.

Mwaka 2009, siku ya fainali, kocha alikuja na sindano ile ile, akiitaka miguu ya mshambuliaji aliyechanika msuli wa nyuma ya paja, dada akasimama mlangoni pa chumba cha kuvalia akasema, "Labda unichome mimi tena." Timu ilifungwa, kocha akamshitaki kwenye baraza la chuo kwa kuihujumu, naye hakuleta wakili, alileta wanamichezo wa zamani waliopita mikononi mwa kocha kabla dada hajaanza kazi pale, wakaingia wakichechemea, wakapandisha suruali na sketi zao mbele ya wakubwa, kila mmoja paja moja la mtu mzima na jingine la mtoto. Kocha alifukuzwa tarehe 12 Oktoba, na mama alipomuuliza dada kama moyo sasa umepoa, alisema, "Haujapoa, mama, ila leo umekaa."

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi, na daktari alituambia waziwazi kwamba vidonge vile vya maumivu ndivyo vilivyozila, na tarehe 9 Februari 2024, alfajiri, zikamshinda. Kwa hiyo wanaosema dada amekufa kwa figo wanasema kweli, na sisi tunaosema alianza kuuawa kwenye kona ya uwanja hatusemi uongo.

Kocha yupo hapa leo, safu ya nyuma, ameomba aseme neno la msamaha. Mzee, kwa umri wako shikamoo tumekupa, kiti tumekupa, maji tumekupa, kipaza sauti hatukupi, maana aliyepaswa kukusikia ulikuwa naye jengo moja miaka kumi, na hukuugonga mlango wake hata mara moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu bila kumchoka, majirani mliolala nasi tangu msiba uingie, wafanyakazi wenzake, na kila mwanafunzi anayetembea sawasawa kwa mikono yake.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.