Nafasi ya Effie Mwingine

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na jamaa, naomba radhi kabla sijaanza, kwa kuwa historia hii nitaisoma vibaya, kwanza kwa sababu kwetu marehemu hasifiwi na mtu, si kanisani wala kaburini, na Mchungaji amenikubalia niisome hapa ukumbini tu, tena kwa sharti kwamba supu isipoe, pili kwa sababu mimi ni mtu wa jukwaani, nimechekesha watu Glasgow miaka thelathini na mmoja bila karatasi mkononi, na tatu kwa sababu Ishbel, binti wa marehemu, ameniomba nisifanye utani hata mmoja, jambo ambalo ni sawa na kumwomba kondoo avuke barabara kwa adabu.

Dada yetu Effie Macaulay alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, kijijini Borghasdal, upande wa magharibi wa kisiwa chetu cha Lewis, huku Uskoti, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Angus Macaulay na mkewe marehemu Catriona, nami Roddy nikamfuata miaka minne baadaye, na yeye akapewa jina la bibi yake, kama walivyopewa wajukuu wa mabibi wengine wote, hata ikawa kwamba kutoka kwetu hadi darajani walikuwako akina Effie Macaulay kumi na wanne, na mpeleka barua, ambaye naye alikuwa Macaulay, alizigawa barua zao kwa kubahatisha. Barua isiyo yake Effie hakuifungua hata siku moja, bali aliivalia koti akaipeleka kwa mwenyewe kwa miguu, hata maili nne, na mama alipomwambia, "Mwanangu, si ungoje mvua ikatike?", alijibu, "Mvua ya hapa ikatike lini, mama?"

Alisoma shule ya kijiji kuanzia Agosti 1951 hadi Juni 1961, na akiwa na miaka tisa alikuwa amekwisha kuyashika moyoni majibu yote mia moja na saba ya Katekisimu, ila siku mwalimu alipofundisha kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla hajaweka misingi ya dunia, na kwamba orodha hiyo haiongezwi jina wala haifutwi jina, Effie alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kama ameshaamua, mbona sisi tunapewa mtihani?", naye mwalimu akajibu, "Kaa chini, Effie, na hilo la kukaa chini nalo limeshaamuliwa." Darasa zima lilicheka, mimi nikiwa wa kwanza, kwani nilikuwa nje dirishani, umri wangu wa shule haujatimia, lakini Effie hakucheka, na nyumbani hakula viazi vyake, akamwuliza baba, "Mtu atajuaje kama yumo?", na baba, ambaye hakuwahi kuikalia Meza ya Bwana maisha yake yote kwa hofu hiyo hiyo, alitupia motoni kipande kingine cha mboji kavu, ambayo kwetu ndiyo kuni.

Alianza kazi ya kufuma tarehe 4 Februari 1963, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba, kwa mtambo wa kukanyaga kwa miguu, akaifanya hadi magoti yalipomkataza mwaka 2011, na katika miaka hiyo yote hakuna jora lake hata moja lililorudishwa na kiwanda. Nyuzi zililetwa kwa lori, na dereva mpya, Torquil Morrison, siku yake ya kwanza alishusha mlangoni kwetu mzigo wa Effie Macaulay wa darajani, naye dada yangu akamwambia, "Kaka, hizi si zangu, pakia," Torquil akasema, "Dada, nimeshashusha, mgongo umekwisha, si uzipokee tu?", wakabishana mpaka chai ikawekwa. Walifunga ndoa Ijumaa tarehe 9 Oktoba 1970, wakajaliwa mtoto mmoja, Ishbel, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1972 na ambaye sasa ni mkunga Inverness, na Torquil alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Novemba 2009.

Sasa nafika mahali ambapo Ishbel alisema nipapite upesi, nami sitapita upesi.

Mwaka 1981, ulipofika msimu wa Meza, ambayo kwetu huandaliwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Agosti, Effie alikuwa mtu ambaye kijiji kizima kingemnyoshea kidole kama kingeulizwa ni nani mteule, lakini mnajua kwetu ilivyo, wanaostahili ndio wanaobaki viti vya nyuma wakitetemeka, na kule mbele penye kitambaa cheupe huketi wachache. Ijumaa jioni alijikaza, akasimama mbele ya wazee wa kanisa, wakamhoji, wakamkubali bila kuulizana mara mbili, wakampa kibati kile kidogo cha kuingilia mezani, ambacho mtu hukirudisha akiketi. Torquil alinipigia simu usiku huo huo, nami nikafika kesho yake kwa meli kutoka Ullapool, na Jumapili asubuhi, tarehe 1 Machi, nikamkuta ameketi penye uji, kofia nyeusi kichwani, kibati ndani ya glavu, mweupe kama kitambaa chenyewe, na kwa kuwa sijawahi kuona ukimya nikauacha salama, nilisema, "Dada, ukifika pale uhakikishe kwanza, maana Mungu aliandika orodha kabla hajaumba hata Effie mmoja, na hapa wako kumi na wanne, usije ukaketi kwenye nafasi ya Effie wa darajani ukala chakula cha watu."

Torquil alicheka mpaka kijiko kikaanguka, Effie naye akacheka, akasema, "Mshenzi we, Roddy," tukaenda kanisani.

Mchungaji wa wakati ule aliwaonya watu kuhusu Meza kama wanavyoonywa siku zote, kwamba asiyestahili akila anajilia hukumu, kisha akawaita wenye vibati wasogee, zaburi ikaanza, watu ishirini na wawili wakaenda mbele, na Effie hakuinuka. Hakuinuka siku ile, wala Agosti yake, wala msimu wowote kati ya misimu themanini na mitano iliyofuata, alikaa nyuma na kuimba, na mimi nilirudi Glasgow nikasahau, kwa kuwa kwangu ulikuwa utani mmoja kati ya elfu.

Mwezi Novemba 2023 alianza kukohoa na kupungua mwili, na tarehe 6 Desemba madaktari wa Stornoway waliona saratani ya mapafu, akaomba auguzwe nyumbani. Jumapili tarehe 3 Machi mwaka huu, msimu wa Meza ulipomkuta kitandani, nasi kwetu Meza haipelekwi kitandani kwa mtu, tulimwekea simu sikioni asikilize ibada, na zaburi ilipoanza alifungua kiganja, nikakiona kile kibati, maandishi yamefutika kwa kusuguliwa na kidole gumba miaka arobaini na mitatu. Nikamwuliza, "Dada, hicho si kilipaswa kurudishwa?" Akasema, "Nikirudishe wapi, na sikukitumia?" Ndipo aliponikumbusha utani wangu, akaurudia neno kwa neno, tena vizuri kuliko nilivyousema mimi, akasema, "Sikukukasirikia, mdogo wangu, ila nilipokishika pale kanisani nilikiona kama barua isiyo yangu. Na kila msimu, nikitazama kutoka nyuma, naona pale mezani wamebanana, halafu pana nafasi moja wazi, nami nasema moyoni, ile ni ya Effie mwingine, kwa nini haji?"

Nikamwambia, "Lakini dada, Torquil naye alikujia kwa anwani ya Effie wa darajani, na ulimpokea, ukaishi naye miaka thelathini na tisa."

Alicheka mpaka Ishbel akaja mbio na dawa, na kikohozi kilipotulia alinishika mkono akasema, "Hilo ungeniambia siku ile, Roddy." Nikasema, "Basi labda ilikuwa imeandikwa nisiseme." Akasema, "Usimsingizie Mungu, we."

Effie alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na minane, kibati kikiwa mkononi. Mzee Finlay MacIver, ambaye mwaka ule wa 1981 alikuwa mdogo kuliko wazee wote wa kanisa na ndiye aliyegawa vibati, alipokuja kuaga pamoja na Mchungaji, Ishbel alimnyoshea kibati akisema, "Babu, hiki ni mali ya kanisa," naye akakikataa, akasema, "Binti yangu, nilitoa ishirini na vitatu, vikarudi ishirini na viwili, nikajua ni nani. Tangu siku hiyo, kila msimu, nimemwachia nafasi kwenye benchi pembeni yangu, na wenzangu wakidhani sipendi kubanwa." Mchungaji aligeukia dirishani, akasema yeye hajaona kibati chochote, na ndiyo maana leo dada amezikwa nacho.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu Stornoway na waliomfuata nyumbani, majirani waliotukatia mboji na kutuletea samaki bila kugonga mlango, wafumaji wenzake waliosimamisha mitambo siku tatu, vijana waliobeba jeneza kwa zamu mpaka makaburini katika upepo ule, akina Effie Macaulay wanne waliobaki, ambao wote wapo hapa, na zaidi ya wote Mzee Finlay, aliyebanwa na ukuta miaka arobaini na mitatu ili mtu mmoja apate pa kukaa.

Haya, dada, umepelekwa kwa mwenyewe, tulia.

Nanyi mliokuja kunishika bega tangu Jumanne mkiniambia nisijilaumu, eti yote yalikwisha kupangwa tangu awali, ahsanteni sana, lakini sisi watu wa jukwaani hatusemi kitu ambacho hatujakifanyia mazoezi, na ule utani wa uji niliutunga juu ya meli kutoka Ullapool, nikaurudia mara tatu mbele ya kioo cha chooni ili utoke kama wa ghafla, kwa hiyo ya Mungu siyajui, ila katika habari hii yote kitu kimoja naweza kuapa kwamba kilipangwa mapema, na aliyekipanga ni mimi.