Mama Rosette Etungano na Somo Alilolikatisha

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Mama Rosette Etungano anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika hospitali yetu ya kanisa hapa Baraka. Hesabu hiyo inaingiza ile mitatu aliyokaa ukimbizini ng'ambo ya ziwa. Huko nako alizalisha akina mama ndani ya mahema, na kamati ya hospitali imekubali kwamba kazi ni kazi.

Anayeandika ni Casimir wa maabara. Nilipopewa jukumu hili, wengine waliulizana kama hakukuwa na mtu mwingine. Wanajua kuna miezi ambayo sikutaka kulisikia jina lake. Nitafika huko.

Mama Rosette alianza kwa kufua mashuka. Alisoma uuguzi akiwa tayari na watoto wawili, akawa mkunga, kisha mkuu wa wodi ya uzazi. Lakini wengi mjini wanamfahamu kwa lile somo la Biblia la saa moja na nusu asubuhi, barazani mbele ya famasia, kabla hatujapokea ripoti ya usiku. Alilisimamia kwa masharti mawili. Sura inafuata sura, hakuna kuruka. Na baada ya kusoma, kila mmoja anataja jambo moja atakalolitenda kabla jua halijazama.

Masharti hayo yalitupa taabu na kicheko. Eddy wa famasia aliahidi kumsalimu mama mkwe wake, ambaye walikuwa wamenuniana naye tangu Pasaka. Kesho yake alikuja akinuka ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, akasema alilazimishwa kula mara mbili. Mwaka mmoja, mimi nikiwa sipo, wenzangu walipofika kwenye ile orodha ndefu ya ukoo wa Yesu mwanzoni mwa Mathayo, waliomba awaruhusu waipite. Alikataa, akayasoma majina yote, akafunga kitabu na kusema, "Mungu ameita bantu hawa bote kwa majina. Basi leo hakuna kusema 'kitanda namba ine'. Mugonjwa ni muntu, iko na jina."

Siku hiyo waliona ni hekima tu. Hawakujua kwamba maneno yale yalikuwa yanamchoma yeye mwenyewe.

Wiki sita kabla ya hapo, akina mama wawili walikuwa wamelazwa wodini mwake: Tania, wa hapa mjini, na Nyiramahoro, aliyeteremka kutoka milimani. Asubuhi Mama Rosette aliwatoa damu, nami nikaipima. Jioni Tania alihitaji kuongezewa damu. Daktari Guy, kama ilivyo kanuni, alirudia kipimo pale pale kitandani, akaona damu iliyoandaliwa haimfai kabisa. Alisimamisha kila kitu, ikatafutwa nyingine, na Tania akapona. Lakini mtu angeweza kufa, na mkuu wa hospitali alitaka kujua nani amekosea. Mama Rosette alisema aliandika majina vizuri kwenye chupa. Lawama ikaniangukia mimi, nami sikuwa na ushahidi wa kujitetea. Nikahamishiwa kituo cha afya cha Swima, mke na watoto wakabaki Baraka.

Mwezi mmoja baadaye Nyiramahoro alileta mtoto kuchanjwa. Akisimulia kwa furaha, alimwambia Mama Rosette kwamba usiku wa kuamkia siku ile ya kutolewa damu, mvua ilikuwa inavuja juu ya Tania, naye akampa kitanda chake, wakabadilishana. Mama Rosette alielewa papo hapo. Alikuwa ameandika majina kwa kufuata namba za vitanda. Kosa lilikuwa lake.

Alinyamaza. Mwaka huo aliendelea kusoma kila asubuhi, na siku kadhaa baada ya ile orodha ya ukoo wakafika sura ya tano, pale Yesu anapomwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende kwanza kupatana na ndugu yake. Bertin, fundi wa umeme aliyekuwa mbele kabisa, ndiye aliyenisimulia. Anasema Mama Rosette alikatisha mstari katikati, akafunga Biblia.

"Bandugu, mi siwezi kuendelea," alisema. "Casimir hana kosa. Ni mi nilikosea, na nilijua, nikanyamaza."

Aliingia ofisini kwa mkuu, akaandika barua na kuitia sahihi, akapanda pikipiki kuja Swima.

Alinikuta na wagonjwa tisa wa kupimwa. Nilimwacha akae kwenye benchi, koti lake limejaa vumbi, mpaka nikampima wa mwisho. Kisha akanieleza yote akiwa amesimama, akanipa nakala ya barua.

"We ulijua?" nilimwuliza. "Batoto bangu banalala bila baba yabo, na we ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilisikia haya. Na kila siku haya iliongezeka."

Hakulia, hakujitetea. Nilisoma barua mara mbili. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa siku kama ile, lakini nilikaa chini, nikashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la muhogo mgongoni. Sikumsamehe siku ile, na nilimwambia hivyo. Alijibu, "Iko sawa," akarudi Baraka.

Nilirudishwa maabara baada ya wiki mbili. Yeye alisimamishwa kazi mwezi mmoja, akavuliwa ukuu wa wodi mwaka mzima. Barazani alikaa nyuma, asubuhi zote, akisikiliza. Mwenyewe alishona vitambaa vyenye majina, ambavyo hadi leo kila mgonjwa wetu huvaa mkononi, na tangu hapo hakuna chupa ya damu iliyopotea njia. Nami siku moja nilijikuta namweleza habari za kikohozi cha mke wangu, nikashtuka kuona kwamba hasira imeondoka bila kuniaga. Wiki ile nilinyoosha mkono barazani, nikaomba arudishiwe Biblia asome.

Mwezi huu nilimwuliza kama niifiche habari hii. Alinikemea: "Andika yote! Ukiificha, nitasimama mbele ya bageni niseme mwenyewe." Nimeandika yote.

Mama Rosette, tunakushukuru kwa watoto uliowapokea na kwa asubuhi ulizotupa. Nenda Ubwari kwa dada yako, ulime taratibu, ulale hata jua likiwa limetoka. Mungu akutunze, Mama yetu. Mimi na wewe hatuna jambo tena.