Bi. Domina na Friji Yenye Joto

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchomelea, Bi. Domina Mapunda anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana yetu hapa Songea inabaki na friji yake mbovu, aliyoifungia balbu ya kutia joto ndani.

Friji hiyo haigandishi kitu. Ndimo anamotunza fimbo za kuchomelea, zikae kavu hata masika. Mgeni mmoja kutoka Tunduru aliwahi kuweka soda yake humo, akarudi mchana akaikuta ya moto kama chai. Bi. Domina akamwambia, “Basi tafuta andazi, baba.” Tangu siku hiyo friji ina kufuli.

Mafundi humwita Mshenga, kwa sababu yeye humfundisha kila fundi mpya kwamba fimbo ni mshenga: lazima izijue koo zote mbili. Bamba nene la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, likiungwa na lenzake, fimbo iwe ya ukoo huohuo. Likiungwa na chuma cha kawaida, fimbo iwe na kromu na nikeli zaidi, maana chuma hicho huzimua mshono. Na kila tabaka lipoe kwanza kabla ya kuongeza jingine.

Fundi wetu Anord alilisahau somo hilo la fimbo alipochomelea miguu ya chuma cha kawaida kwenye tangi la maziwa la stenlesi kwa fimbo ya mageti. Mshono ukapasuka. Bi. Domina hakumgombeza. Alimpa grenda ya kuusaga, akakaa naye mpaka mshono wote ukatoka.

Mwezi huu tumetengeneza tangi la kuchemshia mafuta ya alizeti la kikundi cha kijiji cha Mpitimbi, kitako stenlesi nene, miguu chuma cha kawaida. Bi. Domina alikataa kuchagua fimbo. Alisema anataka kujua kama anaweza kuondoka. Akakaa kwenye benchi na kikombe chake, akaipa friji mgongo. Anord alichukua fimbo, akairudisha, akachukua nyingine. Chai ya Bi. Domina ilipoa bila kunywewa.

Jana tangi lilijazwa maji kupima kama linavuja. Bi. Domina aliinama, akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila mshono, akakagua na miguu yote. Alipomaliza alikikunja kitambaa, kikavu vilevile, akamkabidhi Anord ufunguo wa friji.

Asante, Mama, kwa mishono yote inayoshikilia vitu vya watu mkoani kwetu. Tunakutakia mapumziko mema, na friji inayogandisha.