Jumamosi za Kocha Kumi na Mbili

Mama tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini wengi wenu mkiulizwa hamlijui. Ninyi mlimwita Kocha Kumi na Mbili, naye aliitika.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa seremala na mama yake mshonaji. Kaka yake mkubwa anasimulia kwamba alianza kutembea kwa hasira. Siku hiyo wakubwa zake walikwenda kucheza wakamwacha mlangoni. Alilia kidogo, akaona kilio hakimsaidii, akainuka na kuwafuata. Alianguka mara kadhaa njiani, lakini alifika. Kaka anasema hakumwona akibadilika tangu siku ile.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kuhitimu mwaka 1976, kisha akaingia sekondari. Hesabu lilikuwa ndilo somo lake bora, jambo ambalo baadaye watu walikataa kabisa kuliamini, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini. Alipokuwa kidato cha pili baba yake aliugua, na ada ikashindikana. Alirudi nyumbani akiwa na miaka kumi na sita, akajifunza kushona kwa mama yake, na vitabu vyake akavifungia kwenye sanduku. Mwaka 1994, akiwa na mume na mtoto, alilifungua sanduku hilo na kuanza masomo ya jioni. Alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka thelathini na mitano, huku akimtarajia mtoto wake wa pili.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, nako alikaa hadi alipostaafu mwaka 2021. Waliofika mle wanakijua: sakafu yenye maji daima, mashine zinazonguruma kama zimeonewa, mvuke usiokuacha umwone mwenzako, na mashuka, mashuka yasiyoisha. Kukunja shuka kulihitaji watu wawili. Mmoja anashika ncha zake, mwingine anashika zake, wanavuta hadi kitambaa kinyooke, kisha wanatembea kukutana, mmoja anapokea na mwingine anarudi kuchukua mkunjo. Yeye na shoga yake wa miaka mingi, ambaye yupo nasi leo, walikunja bila kuangalia mikono. "Ukiangalia shuka, litakuponyoka," alikuwa akimwambia kila mgeni. "Mwangalie mwenzako." Tunaomba mlikumbuke shuka hilo, litarudi.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na kinyozi wa mtaa wa sokoni. Walijuana kwa sababu ya nywele za kaka mkubwa. Alimsindikiza kaka huyo kunyolewa, akakaa kwenye benchi kusubiri, na kinyozi akawa anaangalia benchi kuliko kichwa. Kaka alitoka amenyolewa upande mmoja zaidi ya mwingine. "Nilirudi kudai haki yangu," kaka anasema, "nikamkuta dada yangu amefika kabla yangu kunidaia." Harusi ilikuwa siku ya Jumamosi. Kwa kinyozi Jumamosi ni siku ya vichwa, watu wote wanataka kupendeza, na bwana harusi alilalamika kidogo kwamba tarehe ingeweza kuwa Jumanne. Hadi mwezi huu, hiyo ilikuwa Jumamosi pekee aliyofunga kibanda chake kwa hiari, na alipenda kuisema kama mtu anayesimulia vita alivyopigana. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike.

Sasa habari ya mpira. Marehemu hakuupenda mpira. Hakuuchukia pia, ulikuwa kitu cha watu wengine, kama uvuvi au siasa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Machi 1999, alipita uwanjani kumchukua mwanawe, aliyekuwa na miaka minane, akiwa na kikapu mkononi na binti mchanga mgongoni. Aliwakuta watoto wamekaa kwenye mstari wa pembeni, wamejipanga, kimya. Kocha wao alikuwa amehamishwa kikazi na hakumwambia mtu. Walikuwa wamesubiri tangu jua lilipokuwa laini, na sasa lilikuwa kali.

Mdogo kuliko wote alisimama. "Mama, wewe ndiye kocha?"

Alikuwa na mboga kikapuni zinazonyauka. Aliwaangalia wale watoto, kisha akaweka kikapu chini.

"Leo, ndiyo," alisema.

Leo hiyo ilidumu miaka ishirini na mitano.

Mechi yake ya kwanza ndiyo iliyompa jina. Aliambiwa timu ina wachezaji kumi na mmoja, akapanga kumi na mmoja, halafu akamweka kipa. Mpira ulichezwa kidogo kabla refa hajaona kwamba kuna watu wengi kuliko kawaida.

"Mama, mbona wachezaji wako ni kumi na wawili?"

"Kumi na mmoja na kipa."

"Kipa ni mmoja wa hao kumi na mmoja."

"Tangu lini? Huyu si yuko mlangoni? Mlinzi wa duka unamhesabu pamoja na wateja?"

Uwanja mzima ulicheka, refa naye akageuka pembeni kuficha uso. Marehemu hakucheka, kwa kuwa sasa ilibidi mtoto mmoja atoke. Alimtoa winga wa kushoto, akamshika mkono hadi mwisho wa mechi. Jumatatu yake alikwenda kuazima kitabu cha sheria za mpira. Alikisoma kwenye mapumziko ya chai, kikaloa mvuke, akakianika na kuendelea. Mwaka 2001 alihudhuria kozi ya ukocha, mwanamke pekee kati ya wanaume, akafaulu. Lakini jina lilikwisha kushika. Watoto wa timu nyingine walipomzomea, "Kumi na Mbili! Kumi na Mbili!" aliwapungia mkono. "Ndiyo mimi," alijibu. "Kumi na mmoja wako ndani, wa kumi na mbili niko hapa. Chezeni."

Alifundisha alichokijua, na alichokijua ni mashuka. Siku za mvua kubwa aliwaingiza watoto kwenye kibaraza cha shule, akawapa shuka kuukuu wakunje wawili wawili, wakiangaliana machoni. Mvua ilipokwisha aliondoa shuka, akaweka mpira. Toa, songa, pokea, rudi. Alipopaza sauti, "Kunja!" wachezaji wake wawili walipita katikati ya mabeki kana kwamba wamefunguliwa mlango, na makocha wenzake waliulizana huyu mama anakunja nini. Timu ilichukua kombe la vijana mara mbili, mwaka 2008 na 2015. Ilifungwa mara nyingi zaidi. Yeye mwenyewe hakupenda kuzungumzia makombe.

Alilolizungumzia ni Jumamosi. Kwake Jumamosi haikuahirishwa. Alibadilishana zamu na wenzake, akabeba za Jumapili na za usiku, ili asubuhi hiyo awe uwanjani kabla ya mtoto wa kwanza. Hakulipwa kwa kazi hiyo, wala hakuomba. Jezi alizifua mwenyewe, kwa mkono, akisema mashine ni za wagonjwa. Binti yake hakuwa na miguu ya mpira hata kidogo, akawa anakaa kando ya mstari na kitabu. Watu walipomwambia mama amlazimishe, alijibu, "Mwacheni, naye ana timu yake humo ndani."

Mumewe hakuielewa Jumamosi hiyo. Tunasema hivi kwa ruhusa yake.

"Mke wangu, hao watoto wana wazazi wao."

"Wanao. Ndiyo maana jioni watarudi kwao. Asubuhi ni wangu."

"Njoo basi unisaidie japo kufagia nywele. Jumamosi nina vichwa."

"Wewe una vichwa, mimi nina miguu. Tukutane chakula cha mchana."

Alipoulizwa na wateja mkewe yuko wapi, kinyozi alisema ameolewa na mpira, yeye ni shemeji tu. Alimwomba mara nyingi aache, hasa baada ya kustaafu. Marehemu alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, akamwuliza kama ameona filimbi yake.

Mwezi Agosti 2022 madaktari walikuta uvimbe tumboni. Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Septemba, akapata nafuu, akarudi uwanjani akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Sauti ilipopungua akatumia filimbi: mara moja simameni, mara mbili njooni, ndefu kunjeni. Aliyebeba kiti ni kinyozi. Alikibeba kichwani hadi kwenye mstari, akakifuta vumbi, kisha akakimbilia kibandani kwake, na mchana akakirudia. Alisisitiza kwamba amebeba kiti tu, habari za mpira asihusishwe.

Mwishoni mwa Mei 2024 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na tarehe 3 Juni alilazwa katika hospitali ileile aliyoifulia mashuka. Aliligusa shuka la kitandani kwake akasema halikunyooshwa vizuri. Kisha akaanza kuuliza swali moja. Aliwauliza wauguzi, akamwuliza mwanawe aliyetoka mbali anakofanya kazi, akamwuliza binti yake. Usiku wa Alhamisi akamwuliza mumewe.

"Nani atakuwa uwanjani Jumamosi?"

"Pumzika kwanza, mama watoto."

"Sijauliza habari za kupumzika."

Kinyozi alilinyoosha shuka la kitandani. Alikuwa amekwisha kwenda kwa kocha msaidizi, kijana aliyepata kazi ya zamu kiwandani, ambaye angeweza kuja lakini si kabla ya mwezi kwisha. Watoto wangefika, wangekaa kwenye mstari, na jua lingepanda.

"Nitakuwepo mimi," alisema.

"Wewe? Hujui hata kuotea ni nini."

"Na wewe ulipoanza, ulijua kuhesabu?"

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Akatoa filimbi chini ya mto, akampa.

Jumamosi ya tarehe 8 Juni, kibanda cha kinyozi cha mtaa wa sokoni kilifungwa kwa mara ya pili katika ndoa yao. Wateja walikuta kipande cha boksi mlangoni kimeandikwa: "Nipo mpirani." Jioni mumewe alikwenda wodini kutoa taarifa.

"Walikuja?"

"Wote."

"Kuna aliyelia?"

"Mimi. Mpira umenipiga pua."

"Walikunja?"

"Walikunja. Mimi ndiye niliyekuwa katikati. Sijajua hata walipitia wapi."

Alifumba macho akitabasamu. Hakuuliza tena swali lake. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia ilipokaa kupanga mazishi, ilionekana siku inayofaa ni Jumamosi, na kaka mkubwa akapendekeza saa nne asubuhi, kabla ya joto. Kinyozi alisema haiwezekani.

"Shemeji, tunamzika mkeo, wewe unaleta mambo ya mazoezi?"

"Tutamzika mchana. Asubuhi kuna watoto."

"Si wataambiwa wasije?"

"Nani awaambie? Kuna wanaotoka ng'ambo ya reli, hawana simu. Mmoja tu akifika asikute mtu, huyu tunayemzika atainuka anigombeze. Wewe unamjua. Ulimwacha mlangoni akakufuata."

Kaka mkubwa akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi, na kama anaweza kubeba koni.

Ndiyo maana ratiba mliyoshika inaanza saa nane mchana. Haya yanaposomwa, mazoezi ya leo yatakuwa yamekwisha, na mtawaona watoto wamekaa mbele, jezi zao zimefuliwa, magoti yana tope. Tunaomba msiwasogeze nyuma. Kocha msaidizi ataanza rasmi mwezi ujao; hadi hapo filimbi iko kwa kinyozi, naye amekwisha kuwajulisha wateja wake kwamba vichwa vya Jumamosi vitanyolewa Ijumaa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili na dada mmoja, shoga yake wa chumba cha kufulia, na wachezaji wake wa miaka ishirini na mitano, ambao baadhi yao leo wamekuja na watoto wao.

Sasa apumzike kwa amani. Jumamosi ina mtu.